Jinsi ya kucheza rumba wawili bila kuvutana: mwongozo kamili kuanzia sebuleni mpaka ukumbini

Nenda ukumbi wowote hapa Dar siku ya Jumamosi, Sinza, Mbezi, Mbagala, popote, subiri MC aite maharusi wafungue mziki. Mara nyingi utaona watu wawili wanaopendana kabisa wamekakamaa, huyu anavuta kulia yule ashaanza kwenda kushoto, bibi harusi macho chini asikanyagwe, bwana harusi anahesabu kimoyomoyo stepu alizokariri YouTube. Na sio kwamba hawajui kucheza jamani, ukimuacha kila mmoja peke yake anacheza vizuri tu. Wanachokosa ni kusikilizana kwa mwili, na hicho hakuna aliyewafundisha, maana mafunzo mengi yanaanza na miguu wakati miguu ndo kitu cha mwisho.

Ninachokisimamia mimi ni hiki: mkono sio wa kuamrisha. Mkono unabeba habari ya uzito wako, uko wapi saa hizi na unaelekea wapi. Ukitaka mwenzako aende kushoto usimsukume kushoto, nenda wewe kwanza, mwili mzima, na kama mmeshikana vizuri habari itamfikia kabla mguu wake haujanyanyuka. Ukilishika hili, stepu tatu nne zinakutosha kucheza usiku kucha na mtu ambaye hata jina humjui.

Na wala sio suala la kipaji. Mwaka 2006 Kyle Reed na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio moja zuri sana, waliwapa watu wawili kifaa cha kuzungusha chenye mpini kila upande, hawaonani, hawaruhusiwi kuongea, kazi yao kukipeleka kwenye alama haraka iwezekanavyo. Wawili wakawa wanafika haraka kuliko mtu akiwa peke yake, na wakati huo huo wengi wao waliona kama mwenzao anawakwamisha tu. Yani miili ilikuwa ishagawana kazi, akili haina habari. Halafu 2017 yakatoka matokeo ya watafiti wengine waliopima nguvu inayopita mikononi watu wawili wakipiga hatua pamoja wameshikana, wakakuta ni kama nyutoni 10 mpaka 30, sawa na uzito wa kilo moja mpaka tatu. Chukua pakiti ya sukari ya kilo moja uiweke kiganjani uisikilizie, basi hiyo ndo lugha yenyewe inapoanzia. Haimsogezi mtu mzima hata kidogo, ila inatosha kabisa kumwambia unaenda wapi.

Naongelea rumba kwa sababu ndo mziki wetu wa dansi, ndo ulioko kwenye kumbi za Dar toka enzi za bendi ya NUTA Jazz mwaka 1964, ambao leo ni Msondo Ngoma, na Mlimani Park mwaka 1978, Sikinde wenyewe. Una mwendo wa taratibu mwanzoni unaokupa muda wa kumsikiliza mwenzako, na baadae unaingia chemko, ile sehemu magitaa yanapoanza kukimbia. Ila mbinu hizi hizi zinafanya kazi kwenye kizomba, salsa, bachata, hata zile bolingo za wazee.

Kwenye maelezo nitasema anayeongoza na anayefuata. Wengi tumezoea mwanaume anaongoza, sawa, lakini kwenye mazoezi lazima mbadilishane, na hili nalisisitiza sana kwa sababu hutajua mkono wako una fujo kiasi gani mpaka siku utakaposhikwa na mkono kama huo.

Kabla ya kuanza

Sebule inatosha, sogezeni meza na zulia mtoe, hatua mbili tatu kila upande mnatosha. Kama chini ni tailizi msivae soksi, mtateleza, vaeni kiatu chenye soli laini isiyong'ang'ania au kanyageni peku. Ndala hapana, inabaki nyuma ukigeuka.

Joto la Dar mnalijua, viganja vitalowa. Mkono uliolowa unateleza, na mkono ukiteleza mtu anajikuta anakamata kwa nguvu, na akikamata kwa nguvu hasikii tena chochote. Kwa hiyo kitambaa mfukoni, feni iwashwe, na kama ni mchana wa Februari subirini jioni. Pete kubwa na saa vueni, bangili pia, unaweza kumchuna mtu wakati wa kumzungusha.

Mziki bado. Najua inakera, ila mziki ukiwashwa mapema kila mtu anamfuata mwimbaji na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Hatua ya kwanza: ujue uzito wako mwenyewe

Simama peke yako, miguu upana wa nyonga, magoti yamelegea kidogo, yale magoti unayotumia ukisimama kwenye daladala na dereva anafunga breki ovyo. Hamishia uzito wote mguu wa kulia mpaka wa kushoto uwe mtupu kabisa, unaweza kuunyanyua bila mwili kuyumba. Kisha rudi kushoto. Fanya taratibu mno, upite katikati ukiwa unaisikia katikati yenyewe.

Watu wengi wanaruka hapa wanaona ni mambo ya watoto. Lakini fikiria, kama uzito wako uko kwenye miguu yote miwili nusu kwa nusu, mwenzako atajuaje mguu upi uko huru? Hawezi. Na wewe mwenyewe hujui, ndo maana unakanyaga. Ukitaka kujua umeiva, simama mguu mmoja useme jina lako na la baba yako kwa sauti ya kawaida bila kutafuta ukuta.

Anayefuata hili linamhusu zaidi ya anayeongoza. Kufuata sio kubebwa. Unasimama kwa miguu yako, uzito ni wako, hatua unaimaliza mwenyewe, anayeongoza anakupa mwelekeo na muda tu. Ukimwegemea mtu kilo ishirini za mwili wako mkononi mwake, ile kilo moja ya habari itaonekana wapi?

Hatua ya pili: kanga

Hili zoezi nalipenda kuliko yote, na kila nyumba ya Dar ina kanga. Ikunje kwa urefu iwe mkanda, kila mmoja ashike ncha moja kwa mikono miwili usawa wa tumbo, mkae mbali kiasi kwamba kanga haijalegea na wala haijakazwa mpaka inalia. Viwiko viwe mbele kidogo ya mbavu zako, visirudi nyuma ya mgongo.

Sasa anayeongoza arudi nyuma hatua moja kwa kifua, mikono isivute, ibaki pale pale mbele yake. Kanga itakaza kidogo na anayefuata atasikia, naye aje. Halafu anayeongoza aende mbele, kanga italegea, na hapo ndo kazi ya anayefuata inaonekana, akisikia tu imelegea anarudi nyuma mpaka irudi kwenye kiasi chake. Mnafanya hivyo mbele nyuma, kisha pembeni, kisha anayefuata anafumba macho.

Mtagundua vitu viwili. Kanga ikilegea sana hakuna habari inayopita, unaweza kutembea mpaka jikoni mwenzako bado kasimama. Ikikazwa sana kila mtikisiko unapita, hata ule usio na maana, hata mtu akikohoa, na mabega yanachoka. Kuna kiasi cha katikati, na kila jozi ina cha kwake. Kitafuteni, badilishaneni kuongoza, msiongee. Kuongea kukianza tu mtu anaanza kufuata maneno.

Hatua ya tatu: viganja

Wekeni kanga pembeni. Simameni mkitazamana, viganja vyenu vigusane usawa wa kifua, vidole havishikani. Kila mmoja aegemeze kidogo mbele, ile pakiti ya sukari, isizidi. Anayeongoza ahamishe uzito kulia, kushoto, mbele, nyuma, bila kunyanyua miguu. Anayefuata atunze ule mgandamizo usibadilike, ukiongezeka anaenda nao, ukipungua anaufuata.

Hapo ndo mwili unajifunza. Ngozi ya kiganja ina vihisio vya aina kadhaa, kuna vinavyohisi mgandamizo, kuna vinavyohisi ngozi ikivutwa au kitu kikianza kuteleza, na ndani ya misuli kuna vingine vinavyojua msuli umenyooshwa kiasi gani. Mtu akitumia vile vya ngozi peke yake, mkono umelegea, anajua ameguswa ila hajui anapelekwa wapi. Mkono ukiwa na uhai kidogo, habari inapita kiganjani, kiwikoni, begani, inafika mgongoni, na mgongo ndo unaosogeza miguu.

Kosa la hapa ni viwiko. Ukimsogelea mwenzako na kiwiko chake kikakunja kikarudi nyuma ya mwili, habari imefia kwenye kiwiko, mwili haujaambiwa kitu. Kiwiko kikae mbele ya mbavu muda wote, kiwe na nafasi ya kucheza kidogo ila kisipite hapo.

Hatua ya nne: kushikana kwenyewe

Sasa mkao wa dansi. Mkono wa kushoto wa anayeongoza unapokea wa kulia wa anayefuata, usawa wa macho ya mfupi kati yenu, vidole vimekunjana kawaida, dole gumba lisibane. Mkono wa kulia wa anayeongoza unakaa kwenye kombe la bega la mwenzake, ule mfupa bapa wa mgongoni, vidole pamoja, kiganja chote kimegusa. Sio kiunoni. Kiuno cha mtu kina mambo yake kinafanya, hasa kwenye rumba, na ukikishika kule unakizuia na habari unayotuma inafika imechanganyikana. Kombe la bega lipo karibu na katikati ya mwili wa juu, ukigeuza kifua chako nyuzi chache tu analisikia.

Anayefuata, mkono wa kushoto unalala juu ya mkono au bega la anayeongoza, na kiwiko chako kikae juu ya kiwiko chake, mgusane pale. Huu mkono watu wanauacha ukining'inia kama pambo wakati ndo redio yako, unakwambia bega lake limegeuka upande gani kabla hata hajapiga hatua. Na una kazi nyingine muhimu zaidi, ndo mkono wa kuweka mpaka. Anayeongoza akikusogelea kuliko unavyopenda, mkono wa kushoto unakaza kidogo, unakuwa ukuta. Anayeongoza ukisikia ule ukuta, simama hapo hapo usiendelee kusogea, huna haja ya kuambiwa kwa mdomo.

Umbali wenyewe ni makubaliano. Wachumba mtajuana wenyewe. Na mtu baki, ngumi moja mpaka mbili kati ya vifua inatosha na mawasiliano yanapita vizuri tu.

Hatua ya tano: tembeeni

Mmeshikana, mziki bado haujawashwa. Anayeongoza anahamisha uzito kushoto kulia mara kadhaa mpaka asikie kwamba na mwenzake uzito uko mguu unaotakiwa, kushoto kwake ni kulia kwa mwenzake. Hii ndo salamu yenu, kila wimbo unaanza hivi, hata mabingwa. Usiondoke mpaka uwe na uhakika.

Kisha mnatembea. Anayeongoza mbele, anayefuata nyuma. Kabla ya hatua kuna kajambo kadogo ambako ndo siri ya kila kitu, magoti yanashuka kidogo mno, kama sentimita moja, mwili unajikusanya, ndo unaondoka. Kule kushuka kunasafiri kupitia mkono wa mgongoni, anayefuata anakasikia na anajua "inakuja". Ukiondoka ghafla bila kujikusanya mwenzako atachelewa kila mara, na utamlaumu yeye wakati hukumpa taarifa.

Kifua ndo kinaondoka kwanza, mguu unafuata. Watu wengi wanatupa mguu mbele kwanza halafu mwili unakuja baadae, na ndo hapo vidole vya dada wa watu vinapokanyagwa, kwa sababu mguu umefika mahali ambapo bado yuko. Jaribuni mbaya makusudi, mguu kwanza, halafu nzuri, kifua kwanza, anayefuata amefumba macho aseme tofauti.

Anayefuata na wewe usikisie. Hili ni gumu kwa watu wanaojua kucheza, sikio lako limeshaujua wimbo, unajua hapa panakuja raundi, unazunguka kabla hujaambiwa. Subiri. Kaa kwenye mguu wako mpaka usikie. Kuna kaufa kadogo kati ya kusikia na kuondoka, kubali kukaa ndani yake, ni nafasi nzuri sana ya kuweka nakshi zako, bega, kiuno, shingo, kila unachotaka, kwa sababu uzito wako uko salama.

Mkishatembea mbele nyuma na pembeni, fanyeni zoezi la kusimama. Anayeongoza asimame wakati wowote, katikati ya hatua kabisa, bila onyo zaidi ya mwili wake kusimama. Mkiweza kusimama pamoja bila yeyote kujikwaa, mmeshafika mbali kuliko nusu ya watu walioko ukumbini. Namaanisha kweli. Kusimama kwa pamoja ni kugumu kuliko kuzunguka na kunaonekana vizuri kuliko kuzunguka.

Hatua ya sita: raundi

Kumzungusha mtu ndo panapoumiza mabega ya watu, kwa hiyo hapa tulieni.

Mkono wa kushoto wa anayeongoza unapanda mpaka juu kidogo ya paji la uso la anayefuata, wakati huo huo mkono wa mgongoni unafunguka kumpa njia. Ule mkono wa juu hauzungushi chochote. Unachora kaduara kadogo juu ya kichwa chake, na vidole vyake vinateleza kuzunguka vidole vyako viwili. Ukiukamata mkono wake kwa dole gumba ukauzungusha kama unafungua bomba unaweza kumtegua, nasema bila kutania.

Taarifa ya raundi inatolewa mapema, biti moja au mbili kabla. Mkono unaanza kupanda, kifua kinageuka kidogo upande wa pili, anayefuata anajua. Ukichelewa acha, ipo biti nyingine.

Anayefuata anazunguka kwenye mguu wake mwenyewe, mgongo umesimama, kiwiko chake kikae mbele ya uso wake kisije kikabaki nyuma. Usining'inie kwenye mkono. Ukimaliza, rudisha mkono wa kushoto uutafute bega lake, na anayeongoza naye autafute mgongo wako kwa kiganja kilicho wazi, mnasalimiana tena kwa uzito, kushoto kulia, ndo mnaendelea.

Sasa washeni mziki

Chagueni wimbo wa taratibu, msikilize kwanza mkiwa mmesimama mmeshikana tu, hampigi stepu. Tafuteni besi, sio sauti ya mwimbaji. Besi na tumba ndo vitu ambavyo miili miwili inaweza kukubaliana bila mjadala, mwimbaji anawahi anachelewa anavyotaka, solo gita linaenda zake. Mkiipata besi hamisheni uzito juu yake, kisha ndo hatua tatu na kugusa, tatu na kugusa, kwenda na kurudi.

Kwa muda mrefu fanyeni hivyo hivyo tu. Inatosha. Rumba haidai vitu vingi, angalia wazee wanavyocheza Sikinde ikipiga, wamesimama karibu sehemu moja, mwili wa juu umetulia, chini kuna mawimbi madogo, na ukitazama vizuri utaona mkono wa mgongoni unasema kitu kila baada ya muda, na mama anajibu. Ule ni ufundi mkubwa.

Chemko likiingia mambo yanabadilika, magitaa yanakimbia, watu wanapiga makelele. Hapa mkiendelea kukumbatiana mtagongana magoti. Anayeongoza afungue, mkono wa mgongoni uachie, mbaki na mkono mmoja au miwili mikononi, mbali kidogo, kila mtu achezeshe kiuno chake kwa uhuru. Mguso unabaki mwepesi, ni wa kujua mwenzako yupo na anaelekea wapi. Mkitaka kurudi kwenye kukumbatiana, anayeongoza anakaribisha kwa kuushusha mkono taratibu na kusogea yeye, havuti.

Ukumbini

Omba kwanza. "Dada naomba tucheze wimbo mmoja." Kama ni mkubwa kwako, "Shikamoo mama, naomba nicheze na wewe kidogo." Akikataa asante, umeondoka, hamna kubembeleza. Na wapo watu ambao kwa dini yao au kwa nyumba wanakotoka hawashikani na mtu asiye wao, chezeni mkitazamana kwa umbali, burudani iko pale pale.

Kukiwa kumejaa, mkono wa mgongoni unapata kazi ya breki. Anayefuata anaenda kinyumenyume, haoni kitu, usalama wake uko kwako, kwa hiyo hatua fupi, na kabla hujampeleka sehemu hakikisha umeiona. Mkandamizo mdogo wa kiganja mgongoni maana yake "simama". Na anayefuata akiona mtu na trei ya soda anapita nyuma ya anayeongoza, anakandamiza bega kwa mkono wa kushoto. Hiyo kila mtu anaielewa hata bila kufundishwa.

Usimfundishe mtu katikati ya wimbo. Hata kama unajua. Hata kama amekukanyaga.

Kwa maharusi

Gauni ndo adui. Mazoezi yote mmefanya na suruali, siku yenyewe kuna mkia, kuna petikoti, kuna kisigino cha sentimita kumi, na umbali wenu unabadilika wenyewe kwa sababu gauni limejaa mbele. Wiki ya mwisho bibi harusi avae viatu vyenyewe na sketi ndefu pana au kanga mbili tatu zimefungwa kiunoni, mjifunze kutembea mkiwa mbali kidogo, mkono wa mgongoni unyooke zaidi. Kurudi nyuma na mkia wa gauni ni hatari, anayeongoza ampeleke pembeni na kwa mduara, nyuma apunguze. Na kama mmelipia mwalimu awapangie stepu ndefu, sawa, zifanyeni, ila mjue sehemu mbili tatu za kukimbilia mkisahau: kuhamisha uzito kushoto kulia, kutembea pembeni, kusimama. Ukisahau, rudi kwenye uzito. Wageni hawajui mlipanga nini.

Kucheza na wazee

Hili lina utamu wake na watu hawalitilii maanani. Mwaka 1994 Jeka na Lackner walionyesha kwamba mtu aliyesimama akigusa kitu kwa ncha ya kidole tu, kwa nguvu isiyofika hata nyutoni moja, yani chini ya uzito wa gramu 100 hivi, kipande cha sabuni ya kuogea, kuyumba kwake kunapungua. Mguso ule haumshikilii, haumbebi, ila unaupa mwili taarifa ya ulipo. Kwa hiyo ukicheza na bibi au mzee wako ambaye miguu haina uhakika, usimkamate kwapani ukambana, unamnyang'anya mwili wake. Mpe viganja vimeangalia juu, usawa wa kiuno, yeye aweke vyake juu kadiri anavyotaka. Wewe kaa imara tu, usitikisike ovyo, maana yeye anakutumia kama kipimo. Hamisha uzito taratibu kuliko unavyodhani inatakiwa. Mwendo akupe yeye.

Matatizo ninayoyaona sana

Mikono mizito. Mnapishana urefu halafu mrefu anamnyanyua mfupi, bega la mfupi linapanda mpaka sikioni. Mrefu ashuke, mikono ikutane kwa kipimo cha mfupi siku zote, na kama tofauti ni kubwa sana anayefuata ashike mkono juu ya kiwiko badala ya bega.

Kuangalia miguu. Kichwa kina uzito, ukikiinamisha kifua kinafunga na mwenzako anasikia unamwangukia. Macho yaende juu ya bega lake la kulia. Miguu utaisikia tu.

Kubana vidole. Hii ni woga, haiondoki kwa kuambiwa "legeza". Pumueni pamoja mkiwa mmeshikana, pumzi tatu nne ndefu, mikono inalegea yenyewe, halafu ndo muanze.

Mmoja anajua sana mwingine anaanza. Anayejua afuate kwanza. Ukimfuata anayeanza kwa uaminifu, ukienda pale tu alipokupeleka bila kumsaidia kwa kukisia, atajua ndani ya dakika chache mwili wake unasema nini, na hicho hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kumpa.

Kuhusu muda, dakika ishirini jioni zinatosha kuliko masaa matatu Jumapili, kwa sababu mikono ikichoka inaanza kudanganya. Siku za mwanzo kanga na viganja tu. Mkiweza kusimama pamoja mkiwa mmefumba macho wote wawili ndo mguse raundi. Na kila mkianza siku mpya anzeni na kuhamisha uzito bila mziki, hata kama jana mlicheza vizuri, maana mwili wa leo umetoka kwenye foleni ya Ubungo, sio ule wa jana.